UZI: Mwaka wa pili natumia NixOS kwenye stesheneri yangu Ng'ong'ona, Dodoma. Karibuni tujadili

#1 Mleta uzi (Ng'ong'ona)

Wanajamvi, salaam.

Nina stesheneri ndogo huku Ng'ong'ona, jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Kazi zangu ni zile mnazozijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kupanga tasnifu za wanafunzi, kujaza maombi ya mtandaoni. Nina mashine mbili, kompyuta ya mezani inayolala dukani na ThinkPad ya mtumba yenye RAM GB 8 ninayorudi nayo nyumbani. Zote mbili zinatumia NixOS, mfumo endeshi wa ukoo wa Linux, tangu Desemba 2023, na ndizo zinazonilisha. Humu jukwaani NixOS nikiiona inatajwa, inatajwa kama kitu cha watu wa seva na waandika programu. Nataka nieleze inavyoishi kwenye kaunta, vumbi la Septemba likipuliza mlangoni na wanafunzi kumi wamesimama na flashi mkononi.

Nianze na kilichonifikisha hapa. Zamani nilitumia distro (aina ya mfumo) ya kawaida ya Linux. Printa yangu ya leza ilinikesha usiku mzima kabla haijakubali kuchapa. Nilibandika amri kutoka kurasa saba nane za mtandaoni, nyingine nazielewa, nyingine hapana. Asubuhi ikachapa, nikafungua duka, maisha yakaendelea. Miezi kadhaa mbele disiki ikafa, tena wiki ileile wanafunzi wanarudi kutoka fildi na ripoti zao. Nikanunua disiki nyingine, nikaweka mfumo upya, nikakaa mbele ya printa ileile na sikumbuki hata amri moja. Fundi niliyempelekea mjini aliirudisha ikachapa, lakini alichokifanya alikijua yeye peke yake. Kazi za siku nne zilikwenda duka la jirani, na baadhi ya wale wateja hawakurudi.

Pale ndipo nilipoiona shida yenyewe. Kompyuta yangu ilikuwa na hali fulani, na hali ile haikuandikwa popote. Ilijengeka kidogokidogo, amri juu ya amri, kama kichuguu. Mchwa wakishaondoka hakuna wa kukijenga tena.

Kwenye NixOS kuna faili, `/etc/nixos/configuration.nix`. Humo huandiki hatua za kufuata. Unatangaza unataka mashine iweje, na mfumo wenyewe unatafuta namna ya kufika hapo. Hiki ni kipande cha faili langu:

```
time.timeZone = "Africa/Dar_es_Salaam";
networking.networkmanager.enable = true;
nixpkgs.config.allowUnfree = true;

# printa ya kaunta
services.printing.enable = true;
services.printing.drivers = [ pkgs.hplipWithPlugin ];
hardware.sane.enable = true;   # skana

# tasnifu zisihame kurasa
fonts.packages = with pkgs; [ corefonts carlito ];

zramSwap.enable = true;        # RAM ni ndogo
environment.systemPackages = with pkgs; [
  libreoffice
  gimp
  pdfarranger
];
```

Mstari wa `drivers` ndio usiku wangu mzima ule. Umekaa pale, nimeuandika mara moja, na hautasahaulika tena. Ule wa fonti nao una historia yake: mwanafunzi analeta tasnifu aliyoiandika kwa Times New Roman, mashine haina fonti hiyo, inaweka nyingine, kurasa zinahama na yaliyomo hayalingani tena na namba zake. `corefonts` inaleta Times New Roman na Arial zenyewe, `carlito` ina vipimo sawa na Calibri. Mstari mmoja, ugomvi wa kaunta ukaisha.

Ukishaandika unatoa amri `sudo nixos-rebuild switch`. Mfumo unalisoma faili, unapakua au kujenga kinachohitajika, kisha unahamia hali mpya. Hali ya zamani haifutwi. Inabaki kama kizazi, na ukiwasha mashine unavikuta vizazi vyako vimepangwa kwenye menyu. Kizazi kipya kikileta shida unachagua cha jana unaendelea na kazi, au unaandika `sudo nixos-rebuild switch --rollback`. Nilishawahi kufanya hivyo mteja amesimama mbele yangu, na hakujua kama kuna kilichotokea.

Hii inawezekanaje? Programu hazimwagwi kwenye `/usr` kama kwingine. Kila moja inakaa chini ya `/nix/store` kwenye folda yake, na jina la folda linaanza na mfuatano wa herufi na namba 32. Mfuatano huo unakokotolewa kutokana na kila kilichotumika kuijenga programu: chanzo chake, kikusanyi (compiler), maktaba inazozitegemea, hadi mipangilio ya ujenzi. Matoleo mawili ya programu moja yanakaa jirani bila kugusana, kwa sababu majina ya folda zao ni tofauti. Wazo hili ni la Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Alianza kazi ya Nix mwaka 2003 na tasnifu yake ya udaktari ikatoka 2006. Mimi huwa naiwazia sana tasnifu hiyo, maana maisha yangu yote ni kujalidi tasnifu, na ile moja ndiyo inayoendesha duka langu.

Aprili mwaka huu umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, bodi ya kompyuta ya mezani ikaungua. Nikatafuta mashine nyingine iliyotumika, aina tofauti kabisa. Nikaiwasha kwa flashi ya NixOS, nikagawa disiki, nikaendesha `nixos-generate-config` ili iandike `hardware-configuration.nix` ya mashine ile, nikaweka `configuration.nix` yangu kutoka kwenye flashi, kisha `nixos-install`. Nilianza saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri nilikuwa nachapa ripoti ya mtu, kwa printa ileile, fonti zilezile.

Ulizeni. Nitajibu ninayoyajua.

#2 Mdau wa Kondoa

Mkuu, hapa naweka kambi kabisa. Nina duka la aina hiyo hiyo Kondoa mjini na hadithi ya printa ni yangu mwenyewe, umebadilisha mtaa tu. Swali langu ni bando. Nimesoma sehemu kwamba NixOS inakula data kuliko distro yoyote. Ni kweli?

#3 Mleta uzi

Ni kweli, na hili ndilo linalohitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaliacha wasijue kama lina dawa.

Rudi kwenye ule mfuatano wa herufi 32. Kwa kuwa unakokotolewa na kila kitu kilicho chini ya programu, kikibadilika kitu kidogo cha chini kabisa, mfano glibc (maktaba ya msingi ambayo karibu programu zote zinaitegemea), basi kila kilichosimama juu yake kinapata jina jipya la folda. Jina jipya maana yake kupakua upya, hata kama LibreOffice yenyewe haikuguswa. Kwenye Debian wangekuletea glibc peke yake. Huku unaletewa nyumba nzima. Hiyo ndiyo bei ya uhakika kwamba mashine mbili zenye tangazo moja zitakuwa sawa.

Ninavyoishi nayo ni hivi. Kwanza, natumia chaneli thabiti, sigusi ile inayoitwa unstable. Toleo thabiti linatoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na kila moja linahudumiwa kama miezi saba. Sasa hivi, 2025, niko 25.05, yaani toleo la Mei 2025. Katikati ya matoleo masasisho ni ya usalama na marekebisho, kwa hiyo mafuriko makubwa hayaji mara kwa mara. Pili, kabla ya kusasisha naandika `nixos-rebuild dry-build`. Inaorodhesha kila kitakachopakuliwa na ukubwa wa jumla, bila kuvipakua. Nikiona mzigo ni mkubwa nasubiri bando la usiku.

La tatu ndilo lililoniokoa: napakua mara moja tu kwa mashine mbili. Kompyuta ya duka inapakua, kisha laptopu inachukua kutoka kwake kwa waya wa mtandao:

```
nix-copy-closure --to laptopu /run/current-system
```

Amri hiyo inabeba mfumo pamoja na kila unachokitegemea, na inaruka vile ambavyo laptopu inavyo tayari. Kitu kilichotoka `cache.nixos.org`, ghala lao la programu zilizojengwa tayari, kinakuja na sahihi yake, kwa hiyo laptopu inaweza kuthibitisha kwamba hakikuchezewa njiani.

Ila kuna sharti. Mashine zote mbili lazima zitoke kwenye nixpkgs (mkusanyiko wa pakeji zote za NixOS) moja, ya siku moja. Zikitofautiana hata kidogo majina ya folda hayalingani na kila moja itapakua vyake. Ndiyo maana nilihamia kwenye `flake.nix`, faili linalotaja mashine inatoka kwenye nixpkgs ipi. Ina mwenzake, `flake.lock`, inayofunga nixpkgs kwenye hali moja hadi niamue mwenyewe kuisogeza. Naisasisha kwenye mashine ya duka tu, kisha nainakili kwenda laptopu. Wenyewe bado wanaiita ya majaribio, lakini watu wengi wanaitumia na kwangu haijawahi kusumbua.

Disiki nayo inajaa. `/nix/store` yangu inacheza kwenye GB 40 hivi. Vizazi vya zamani nafuta kwa `sudo nix-collect-garbage --delete-older-than 30d`, na nimewasha `nix.settings.auto-optimise-store` ili mafaili yanayofanana yashike nafasi moja. Mwenye SSD ya GB 120 ataishi, lakini awe mtu wa kufagia.

#4 Mdau wa Singida

Nimesoma yote kwa heshima, na bado sishawishiki. Mimi niko Debian. Juni 2023 niliweka 12, mwezi uliopita nimepanda 13, katikati hapo sikusumbuliwa na kitu. Masasisho yake ni MB chache, naweza kuyafanya kwa bando la simu. Na hilo la kuandika hali ya mashine, nina skripti ya mistari sitini inayosakinisha programu zangu zote na kupanga printa. Mashine ikifa, Debian mpya, skripti, kazi imekwisha. Sioni kwa nini nijifunze lugha mpya nzima kupata kitu ninacho.

Halafu tuambiane ukweli: `configuration.nix` hairudishi tasnifu za watu. Disiki ikifa na kazi ya mteja imo, NixOS inakusaidia nini?

#5 Mleta uzi

Kaka wa Singida, la mwisho nianze nalo kwa sababu una haki kamili. Faili la mipangilio linarudisha mashine, halirudishi kazi. `/home` haimo kabisa. Vilevile ukirudi kizazi cha nyuma, nyaraka zako na hifadhidata zako hazirudi nyuma nazo. Mimi kazi za wateja zinanakiliwa na Syncthing kati ya mashine mbili muda wote, na Jumapili nachomeka disiki ya nje naendesha restic. Yeyote anayehamia NixOS akidhani amepata nakala ya akiba atalia.

Kuhusu skripti. Nilikuwa nayo pia, baada ya ule mkasa wa kwanza, na nitakuambia iliponiangusha. Skripti inajua kwenda mbele tu. Mwezi wa kwanza uliandika mstari wa kusakinisha programu fulani. Mwezi wa sita ukaufuta mstari. Mashine yako bado ina ile programu, na mipangilio yake iko `/etc`, na pengine huduma yake inawaka. Skripti inasema hivi, mashine iko vile, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo vinavyoachana. Siku ukiiendesha kwenye mashine mpya unakuta haifiki pale ulipokuwa, kwa sababu nusu ya hali ilitoka kwenye amri ulizoandika kwa mkono siku ya haraka ukasahau kuziingiza.

Kwenye NixOS nikifuta mstari wa skana na kujenga upya, kizazi kipya hakina skana. Kila mara mfumo unajengwa kutoka kwenye tangazo, hauongezewi viraka juu ya jana. Kwa hiyo faili langu haliwezi kusema uongo kuhusu mashine yangu, angalau kwa yale yaliyo chini yake.

Ila sikushawishi uhame. Mashine moja, mtumiaji mmoja, mtandao wa simu, Debian inakutunza vizuri na huna cha kukimbia.

#6 Mwanafunzi UDOM

Dada naomba msaada, maana nimeiweka wiki iliyopita baada ya kuiona kwako dukani. Nafanya uchambuzi wa data ya mradi wa mwaka wa mwisho kwa Python. Nimeunda mazingira ya kawaida, `pip install numpy` ikamaliza vizuri, nikifungua inaniambia `libstdc++.so.6` haipo. Nimetafuta kila mahali. Rafiki zangu wenye Ubuntu wanafanya amri zilezile zinakubali.

#7 Mdau wa Kisasa

Mdogo wangu, wacha nilichukue hili, nalijua kwa machungu.

NixOS haina `/usr/lib`. Ndani ya `/bin` kuna `sh`, ndani ya `/usr/bin` kuna `env`, basi. Kile ambacho pip (kisakinishi cha Python) imekuletea kilijengwa tayari kwa distro za kawaida, na kinatafuta maktaba mahali ambapo huku hapapo. Ni hivyo kwa karibu kila programu unayoipakua ikiwa imeshajengwa.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha pip na kuziomba maktaba kwa Nix yenyewe:

```
nix-shell -p 'python3.withPackages (p: [ p.numpy p.pandas p.matplotlib ])'
```

Hapo unaingia kwenye mazingira yenye vitu hivyo, ukitoka vinakuwa havipo kwenye mfumo wako. Ukiviandika kwenye `shell.nix` ndani ya folda ya mradi na kufunga toleo la nixpkgs, msimamizi wako akiwa na Nix atapata mazingira yaleyale uliyofanyia kazi. Kwa utafiti hiyo ni zawadi kubwa: miaka miwili mbele mtu akikuuliza ulipataje jedwali lile, unaliendesha tena kwa matoleo yaleyale.

Ya pili ni kwa pale unapolazimika kutumia vitu vya nje: `programs.nix-ld.enable = true;` na kuorodhesha maktaba zinazotakiwa chini ya `programs.nix-ld.libraries`. Inaweka kipakiaji pale programu hizo zinapokitafuta. Nina programu moja ya ramani ya kazini ambayo bila hiyo ningekuwa nimeshaondoka NixOS zamani.

Mleta uzi, hapa naomba uongeze kitu kwenye post ya kwanza. Watu waambiwe kabla hawajaweka. Hili la programu za nje ndilo linalowatoa wengi wiki ya kwanza.

#8 Mleta uzi

Nakubali, nilipaswa kulisema. Kazi yangu yote imo ndani ya nixpkgs, yenye pakeji zaidi ya 100,000, kwa hiyo sikugongana nalo sana. Anayetaka kuhama aingie kwanza `search.nixos.org`, aandike programu moja moja anazozitumia kila siku aone zipo au hazipo. Jioni moja inatosha, na itamwokoa.

Na makosa ya lugha ya Nix tusiyafiche. Ukisahau nukta mkato mstari wa kumi, unaweza kuletewa maelezo marefu yanayokuelekeza mstari wa kumi na mbili. Mwezi wa kwanza nilikuwa nabadilisha kitu kimoja, najenga, nabadilisha kingine. Bado nafanya hivyo.

#9 Mdau wa Chamwino

Umeme. Huku kwetu ukikatika wakati mashine inasasisha, distro yangu inaamka nusu nusu. NixOS je?

#10 Mleta uzi

Hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Vitu vipya vinawekwa kando ya vya zamani, havikanyagi juu yake. Vyote vikishakamilika ndipo kiungo kimoja kinageuzwa kuelekea kizazi kipya na menyu ya kuwashia inaandikwa. Umeme ukikatika katikati ya kupakua, ukirudi unaamka kwenye kizazi cha zamani kikiwa kizima, unatoa amri upya, na yaliyokwisha kupakuliwa hayapakuliwi tena. Imenitokea mara tatu.

Lakini disiki ni disiki. Kuna siku ilikatika wakati ule ule mafaili yanaandikwa, nikakuta programu moja haifunguki, faili lake lipo ila ni tupu. Dawa yake:

```
sudo nix-store --verify --check-contents --repair
```

Inapita `/nix/store` yote, inalinganisha kila kitu na kumbukumbu yake, na kilichoharibika inakileta upya. Inachukua muda, iache usiku. Hata hivyo mashine ya duka sasa ina UPS. Baada ya Aprili sitaki tena kujaribu.

#11 Mdau wa Nkuhungu

Nyongeza kwa wanaoweka pamoja na Windows: ile sehemu ndogo ya kuwashia ambayo Windows inaitengeneza mara nyingi ni MB 100. systemd-boot, programu inayoleta ile menyu ya kuwashia, inaweka kerneli (kiini cha Linux) za vizazi humo humo. Baada ya masasisho machache inajaa, na ujenzi unagoma mwishoni kabisa. Nilihangaika siku mbili. Wekeni `boot.loader.systemd-boot.configurationLimit` kuwa ndogo, au bora zaidi tengenezeni sehemu kubwa tangu mwanzo.

#12 Mwalimu mstaafu, Mpwapwa

Wanangu, nafuatilia kwa makini ingawa mengi yananipita. Mwanangu aliniwekea Linux kabla hajahamia Mwanza kikazi. Natumia kuandika, kusoma habari na kuzungumza na wajukuu. Kikiharibika kitu nasubiri aje likizo. Binti yangu mleta uzi, kwa mtu kama mimi hii ina faida?

#13 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu.

Kama ungekuwa peke yako ningesema baki na uliyonayo. Lakini una mwanao Mwanza, na hilo linabadilisha jibu. Mkiwa na NixOS, faili la mashine yako linakuwa kwenu nyote wawili. Ukimpigia kwamba kuna kitu hakifanyi kazi, yeye akiwa na Nix kwake anaandika `nixos-rebuild build-vm` kwa faili lako, anaendesha skripti inayotengenezwa, na linafunguka dirisha lenye mfumo uliopangwa kama wako ndani ya kompyuta yake. Haoni nyaraka zako, na mambo ya kifaa chenyewe kama printa hayatakuwepo, ila programu na mpangilio ni zako. Anarekebisha mstari, anakutumia faili, wewe unatoa amri moja. Ikienda vibaya unazima, unawasha, unachagua kizazi kilichotangulia kwenye menyu. Hilo la menyu hakikisha anakufundisha kwa vitendo kabla hajaondoka likizo ijayo, na uandike kwenye karatasi ubandike pembeni ya skrini.

#14 Mdau wa Kisasa

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu Fedora Silverblue na Guix, nijibu hapa kifupi. Silverblue nayo inakupa kurudi nyuma, ila mfumo unakuja kama picha moja iliyotengenezwa na wenyewe, hukuandika wewe kilichomo. Guix ni ndugu wa NixOS kwa wazo, inatumia lugha ya Scheme, na imeshikilia programu huru peke yake, kwa hiyo kadi nyingi za Wi-Fi za laptopu za mtumba zitakusumbua.

#15 Mdau wa Kondoa

Wakuu, MREJESHO.

Baada ya kuusoma uzi huu nilimfuata mleta uzi. Alinipakilia mfumo wake kwenye disiki yangu ya nje kwa `nix copy --to file://`, pamoja na nixpkgs yenyewe na `flake.lock` yake, tukakabidhiana stendi ya Nanenane kabla ya basi la saa sita. Kondoa nimefika jioni, usiku nikaiweka nikielekeza `--option substituters` (mahali pa kuchukulia pakeji) kwenye disiki ile. Bado ilipakua vitu, maana printa yangu ni nyingine na mashine ni nyingine, ila mzigo mkubwa wote umetoka kwenye disiki. Bando nililojiandaa nalo limebaki zaidi ya nusu.

Printa iligoma na mstari wa dada. Nikabadilisha `pkgs.hplipWithPlugin` kuwa `pkgs.gutenprint`, nikajenga upya, karatasi ya kwanza ikatoka saa saba usiku. Nimemwamsha mke wangu aione.

Naweka faili langu hapa kwa wenye printa kama yangu. Swali moja: `system.stateVersion` kwa dada ilikuwa "23.11", mimi nimeandika "25.05" kwa sababu ndilo toleo nililoweka. Nimekosea?

*[faili limeondolewa na msimamizi wa jukwaa]*

#16 Mleta uzi

Kaka, nimemwomba msimamizi aliondoe faili haraka, usinielewe vibaya. Ulikuwa na mstari wa Wi-Fi wenye nywila ya duka lako wazi kabisa. Ibadilishe leo kwenye ruta. Na hata kama usingeibandika humu, usiiache mle, kwa sababu linaloandikwa kwenye faili linaishia `/nix/store`, na huko kila mtumiaji wa mashine anaweza kusoma. Futa mstari huo, uache NetworkManager ikumbuke nywila yenyewe. Nywila za watumiaji nazo tumia `hashedPasswordFile`, faili likae nje ya mipangilio. Kisha bandika upya, watu wa gutenprint wanalihitaji.

`stateVersion` hukukosea. Yangu ni 23.11 kwa kuwa ndipo nilipoanzia, na sijaigusa hata baada ya kupanda 25.05. Yako umeanzia 25.05, ibaki hivyo hata miaka kumi. Haisemi mfumo ni toleo gani. Inaziambia huduma kama hifadhidata data yake ilianza kuandikwa kwa mtindo upi, na ukiibadilisha baadaye zinaweza kuitafuta data mahali isipokuwepo.

Disiki usiirudishe bado. Kuna mdau wa Chamwino anaitaka, na Novemba toleo jipya likitoka nitaijaza tena. Safari hii ningeomba uje na faili lako kwenye flashi ukija kununua karatasi, tuweke mistari ya kwako na ya kwangu kwenye faili moja la pamoja, printa zikae kila moja kwenye faili lake dogo. Jumamosi niko dukani hadi saa kumi na mbili jioni.